Mshale wa Voltmita Yako

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa dukani Tunduma, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani sipo. Barua hii naiacha wazi, aisome yeyote anayetaka, kwa sababu jambo nililolificha kwa miaka saba liliharibu jina lako mbele za watu, na jina lililochafuliwa hadharani halisafishwi chumbani. Ulinifundisha kwamba mtu hasomi skeli kabla ya kuhakikisha mshale umekaa sifuri. Basi nivumilie nianzie mbali kidogo, ndipo nifike panapouma.

Unakumbuka zile Jumamosi za maabara? Nilikuwa darasa la tatu au la nne. Shule ya sekondari ilikuwa kimya, wanafunzi wameshuka mtoni kufua, na wewe, fundi wa maabara, umefunga tai. Ile ya kahawia, maana nyingine hukuwa nayo. Mama, alipokuwa bado hai, alikuwa akikucheka kwamba kanisani unakwenda na shati wazi, ila kwenda kufuta vumbi kwenye vyombo vya kupimia umeme unavaa kama bwana harusi. Ulimjibu kwamba Mungu husamehe, galvanomita haisamehi. Mama alilisimulia hilo kwa majirani mpaka mzaha ukaisha utamu.

Siku moja ulinikalisha kwenye stuli ndefu, ukafunga mapazia, ukawasha taa ndogo. Ndani ya ile galvanomita kulikuwa na kioo kidogo kuliko ukucha wangu, kimening'inia kwenye uzi nisioweza kuuona, na kile kioo kilitupa doa la mwanga ukutani. Ukanipa vipande viwili vya waya nivishike, cha shaba mkono mmoja, cha zinki mkono wa pili. Doa likasogea. Nikaachia, likarudi. Nikashika tena, likasogea tena, polepole, mpaka karibu na ramani ya Afrika.

"Huo ni umeme wa jasho lako," ulisema. "Ni mdogo mno. Humu ndani hakuna kingine kinachoweza kuuona isipokuwa hiki."

Nilikuamini, na tangu siku ile nilikuwa mali yako. Kaka Ambakisye alikwenda kucheza mpira na wenzake. Mimi nilibaki nakushikia kitambaa.

Vile vyombo vilikuja shuleni enzi za wamisionari, ndani ya makreti, vimezungushiwa majani makavu. Ndivyo ulivyosimuliwa na fundi aliyekutangulia. Masanduku ya ukinzani yenye vizibo vya shaba. Ile chupa ya volti ambayo haikutakiwa kuwasha hata taa, kazi yake ilikuwa kulinganishiwa tu, na ambayo hukuruhusu mtu aiinamishe. Zilipoletwa mita mpya za kuonyesha namba, hivi vya zamani vikafutwa kwenye leja, na mkuu wa shule akakwambia uvichukue, la sivyo vitakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ulivihamisha kimoja kimoja kwa mguu hadi nyumbani kwetu juu ya Mlowo, siku kumi na moja. Toroli ulilikataa. Wanafunzi walikuwa wakikuita Mzee Sifuri, kwa ile tabia yako ya kukagua sifuri ya kila chombo kabla hata ya salamu, na siku ya mwisho walikupigia makofi barabarani. Ulijifanya hukusikia, lakini ulitembea wima zaidi.

Voltmita ndiyo uliyoipenda kuliko vyote. Sanduku la mbao nyekundu lenye mkanda wa ngozi, skeli nyeupe ambayo mistari yake ilibanana mwanzoni na kuachana kadiri inavyosonga mbele, kwa sababu, ulisema, kila mstari ulichorwa kwa mkono baada ya kupimwa. Chini ya mshale palipita utepe wa kioo. "Fumba jicho moja," ulikuwa ukiniambia. "Inama mpaka mshale ufunike kivuli chake. Ukiona mishale miwili, unasoma uongo." Nilijua kusoma volti kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge, na Mama alifariki akiwa bado analilalamikia hilo la pili.

Ubavuni palikuwa na kitufe cha shaba. Ukikisukuma kulia, mshale unafungwa, hautikisiki hata kidogo. Ukikirudisha kushoto, unakuwa huru. Ule mshale ulisimama kwenye ncha nyembamba kuliko ya sindano, na barabara zetu unazijua, shimo moja lingetosha kuiharibu. Kwa hiyo ikawa sheria ya nyumba kwamba voltmita haitoki mlangoni mshale ukiwa huru. Ambakisye uliwahi kumrudisha kutoka barabarani, mvua inanyesha, akafunge mshale. Mimi hukuwahi kunirudisha. Nilijivunia hilo kuliko vyeti vyangu.

Sheria ya pili ulitutajia mara nyingi mpaka tukawa tunakuigiza jikoni, na Ambakisye alikuwa anaipatia sauti yako hasa, pamoja na kile kikohozi. Kabla ya kupima mahali unapotaka pasiwe na umeme, pima kwanza mahali unapojua upo. "Chombo kinachosema hapana kionyeshe kwanza kwamba kinaweza kusema ndiyo." Tulicheka sana. Natamani tungecheka kidogo.

Ambakisye alipooa alifungua mashine ya kusaga pale Mlowo, kando ya barabara kuu. Ilikuwa na meni swichi nzee ambayo moja ya meno yake lilikuwa linaganda. Unaishusha, unadhani umekata umeme, kumbe waya mmoja bado uko hai. Ulimwambia aibadilishe. Akaahidi ataibadilisha msimu ukiisha. Na kwa kuwa ulimjua mwanao, ukamwekea sharti kwamba hafungui boksi la mota mpaka wewe ufike na voltmita. Alilishika sharti hilo, baba. Kwa yote yaliyosemwa baadaye juu ya haraka zake, hilo alilishika mpaka siku ya mwisho.

Siku ile wewe ulikuwa Itumba kwenye maziko ya rafiki yako. Mimi nilikuwa nyumbani, nina miaka ishirini na tatu, na kila fundi wa redio na kila muuza sola aliyekuja kwako kupimiwa kitu chake alishanizoea kiasi cha kunipa mimi kama hukuwepo. Ambakisye akapiga simu. Mashine imezima, mahindi yamejaa mpaka nje.

"Dada, niletee sanduku la mzee."

"Baba hayupo."

"Wewe si upo?"

Yale maneno yalinipendeza. Nikafunga mshale. Nikakagua kwamba nimeufunga. Nikapanda bodaboda na sanduku mapajani, na kila shimo tulilopita niliwaza kwamba ncha iko salama. Nilikuwa nakulindia chombo chako. Sikuwa na wazo jingine kichwani kwa njia nzima.

Pale mashineni kulikuwa na akina mama na ndoo zao, wamechoka, na mmoja akaniambia, "Mwanangu, fanyeni hima, sisi tumetoka Igamba hatujanywa hata chai." Ili kupima kwanza penye umeme ilinibidi nizunguke hadi duka la jirani, na yule mwenye duka alikuwa anaongea na simu mlangoni, amenipa mgongo. Nilisimama kidogo nikimsubiri. Halafu nikaacha. Ambakisye alikuwa ameshashusha meni swichi na kufungua boksi. Nikagusisha waya za kupimia. Mshale ukakaa sifuri.

Nilifumba jicho moja, baba. Nikainama mpaka mshale ukafunika kivuli chake. Niliisoma ile sifuri kwa usahihi ambao hata wewe usingeukosoa.

"Hakuna umeme," nikasema.

"Una hakika?"

"Sifuri, kaka."

Akaingiza mkono. Yaliyofuata sitayaandika. Wewe uliuona ule mkono ulipomvisha shati, hiyo inatosha.

Wanaume walimnasua kwa ubao, wakampakia kwenye gari, na mtu mmoja akanivuta mkono niondoke nao. Nikamwambia ngoja nifunge chombo. Hebu fikiria, kaka yangu analazwa kwenye gari na mimi nafikiria chombo. Nikapeleka kidole kwenye kitufe nikisukume kulia, kama kawaida. Hakikwenda. Kilikuwa kulia tayari. Kilikuwa kulia tangu nyumbani.

Nikakirudisha kushoto. Mshale ukacheza mara moja, ukatulia. Hakuna aliyeniona, na kama kuna aliyeniona hakujua ninachofanya. Sasa nimeshayasema. Kusahau ni kosa, na makosa ya kusahau yapo kwa kila mtu, hata kwako yalikuwepo. Lakini kile kidole kilichorudisha kitufe hakikusahau kitu. Kilijua kabisa kinafanya nini.

Tulimpeleka Ileje, kwenye makaburi ya ukoo. Ulifika umeshikwa mabega na watu wawili, na kitu cha kwanza ulichofanya baada ya kumwona mwanao kilikuwa kuomba voltmita. Ukaipima kwenye betri ya gari lililoleta jeneza, mshale ukaenda ulipotakiwa kwenda. Watu waliona ni wazimu wa msiba. Mimi niliona uso wako ulivyobadilika, na nikatazama chini.

Kwenye kikao, mjomba wake Atupele, mke wa Ambakisye, aliuliza swali alilokuwa na haki ya kuliuliza. Mume wa binti yao alipimiwa umeme na nani, na kwa kifaa gani? Kabla hujajibu, baba mdogo akadakia kwamba hayo mavyuma ya wazungu yamezeeka, tulishamwambia kaka ayatupe, hakusikia. Wewe ukasimama. Nakumbuka ulivyojishika kwenye nguzo ya banda.

"Kipimo ni changu," ulisema. "Aliyepima nimemfundisha mimi. Kosa lote ni langu, msimwulize mtoto."

Nilikuwa nimekaa mkekani kando ya Atupele, wifi yangu, mjane wa siku mbili. Neema alikuwa mgongoni kwake, hajafikisha hata miaka miwili. Nilimshika Atupele mkono. Wanawake walipita wakituambia ajali haina kinga, na mimi niliitikia ndiyo, ajali haina kinga. Hiyo ilikuwa na kinga mbili, baba, na zote ulinipa wewe.

Baada ya hapo watu wakaacha kuja. Hakuna aliyetangaza kitu, ila wa redio hakuja, wa sola hawakuja, na siku moja pale Mlowo nikasikia vijana wakikuita Mzee Sifuri kwa namna nyingine kabisa, kisha wanacheka. Ulisikia na wewe. Tai ya kahawia ukaacha kuifunga. Masanduku yote ukayaingiza kwenye trunki, ukabakiwa na kahawa yako, na hata kahawa ulikuwa unaianika kama mtu anayefanyia kazi watu wengine.

Ni hapo kwenye kahawa uliponiuliza. Ulikuwa unazigeuza kwa mkono kwenye tandiko, hukuniangalia.

"Mama," uliniita, maana nina jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine. "Ulipofika Mlowo, mshale ulikuwa umelala huru au umefungwa?"

"Umelala, baba."

"Haya."

Ukaendelea kugeuza kahawa. Uliniuliza mara moja tu, na hukuniuliza tena. Nimelisikia lile neno lako "haya" kwa miaka hii yote, na kila mara nilijiambia kwamba maana yake ni kuwa uliniamini.

Haikupita muda mrefu nawe ukatuacha. Hospitali waliandika presha. Tukakulaza Ileje kando ya Ambakisye, kama ulivyotaka. Atupele hakuja. Alituma neno kwamba hawezi kumtupia udongo mtu aliyempa mume wake kipimo kibovu, na tangu tulipokulaza pale hakukanyaga tena hata kwenye kaburi la mumewe, kwa sababu hakutaka kusimama mahali ulipo wewe. Kwa hiyo Neema amekua akiwa hapajui alipolala baba yake. Akiulizwa shuleni anasema babu ndiye aliyemuua. Alinieleza mwenyewe, siku niliyompelekea sare, kwa sauti ile watoto wanayotumia kutaja mto mrefu kuliko yote. Nikamfunga vifungo vya shati.

Nilihamia Tunduma. Nina duka la sola na betri, mbali kidogo na mpaka, na wateja wengi wanatoka ng'ambo, wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na kunisumbua bei. Wananicheka kwamba kabla ya kupima betri yao napima kwanza yangu iliyojaa, na nikimaliza narudia tena. Mmoja aliniuliza kama ni dawa nimepewa. Nikampa risiti.

Mwezi uliopita akaja mwalimu wa fizikia, mwanamke mdogo, kutoka kwenye shule yako. Alikuwa amesikia kwamba vyombo vya zamani viko kwetu. Wanafunzi wake, alisema, wanasoma namba kwenye mita mpya bila kujua mtu amewahi kuitafuta namba ile kwa jicho. Angependa virudi maabara, awafundishe navyo. Nilikubali haraka, nikitaka visiwe vyangu tena. Tukapanda pamoja hadi nyumbani, nikafungua trunki. Sikuwa nimeifungua tangu ulipoifunga wewe.

Voltmita ilikuwa juu. Nikainua kifuniko, na ndani yake, juu ya ile kadi ya Ulaya yenye saini ya mtu aliyeipima mara ya kwanza, kadi ambayo hukuruhusu hata Mama aiguse, ulikuwa umebandika karatasi kwa gundi ya unga wa ngano. Mwandiko wako, herufi kubwa.

FUNGUA MSHALE KABLA YA KUPIMA.

Chini yake, kwa herufi ndogo: Pima kwanza penye umeme.

Haikuwepo siku ya Mlowo. Mimi ndiye niliyefungua kifuniko siku ile, niliiona kadi ikiwa wazi. Uliibandika baadaye, baada ya kahawa, baada ya "haya."

"Mzee alikuwa makini sana, eh?" yule mwalimu akasema, anasoma juu ya bega langu.

"Sana," nikamjibu, nikamwambia achukue vyote.

Alipoondoka nilikaa chini nikakukasirikia, baba. Usinishangae. Ulijua. Ulijua chombo ni kizima, ulijua kuna njia moja tu chombo kizima kinaweza kusema sifuri penye umeme, uliniuliza, ukanipa nafasi, na niliposema uongo ukaondoka nao mpaka kaburini. Ungenipiga. Ungenitaja kikaoni. Ungeniambia, "Mama, najua," na mimi ningelia siku hiyohiyo na Atupele angekuja kukuzika. Badala yake ukabandika karatasi, ukamwonya mtu ambaye bado hajaja, na mimi ukaniacha na uongo wangu kana kwamba ulikuwa mzigo ninaoumudu. Kama yale yalikuwa mapenzi, yalikuwa mapenzi mabaya. Nimeyaandika haya na sitayafuta, ingawa nakupenda na ingawa najua nani mkosaji kati yetu.

Wazee wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kiliniumbua kwa wino. Juma lililofuata nikaenda Mlowo.

Atupele alikuwa uani anachambua maharage. Sikukaa, maana niliogopa nikikaa nitaanza kuulizia shamba. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Kwamba mshale ulikuwa umefungwa, kwamba mimi ndiye niliyeufunga na mimi ndiye niliyesahau, kwamba nilikirudisha kitufe huku mume wake anapakiwa kwenye gari, kwamba kipimo hakikuwa kibovu hata siku moja.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo mzee hakukosea."

"Hakukosea."

"Na wewe ulikuwa umekaa na mimi pale mkekani."

"Ndiyo."

"Ulinishika mkono, wifi."

Akaendelea kuchambua maharage, na vidole vyake vilikuwa vinatupa mazima na mabovu pamoja.

"Miaka yote nimemlaani mzee wa watu," alisema. "Nimemfundisha na mtoto. Alipougua alituma watu mara mbili, anaomba tu kumwona Neema. Nikawajibu afe." Hakuinua sauti. "Wewe ulijua nimewajibu hivyo?"

Nilijua. Mmoja wa wale watu nilikuwa mimi. Nilimkumbusha, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutoacha kitu.

Akaniambia nitoke.

Juzi akapiga simu. Jumamosi anakwenda Ileje na Neema, gari watabadilisha Mpemba, nimpelekee jembe dogo na mishumaa kwa kuwa huko juu hajui atakuta nini. Alisema hayo tu. Mimi nikasikia zaidi ya alichosema, ndivyo mtu anayetaka kusamehewa anavyosikia. Leo asubuhi nikavaa kitenge cha msiba, nikafika Mpemba kabla yao, na nauli ya watu watatu nimeikunja kiganjani.

Walishuka kwenye gari la Mlowo. Neema ana gauni jeupe, amerefuka, ana mashavu ya Ambakisye. Atupele akapokea jembe, akapokea mishumaa, akanitazama kitenge.

"Wewe baki," alisema. "Siku yako ya kwenda nitakwambia mimi. Na isipofika, isifike."

"Sawa, wifi."

"Usiniite hivyo leo."

Wakapanda. Neema alikaa dirishani, upande wangu. Huwa ananipungia mpaka gari linapotea, na mara nyingine ananifanyia mdomo wa bata kwenye kioo, mimi nacheka. Leo aliniangalia moja kwa moja, mikono yake iko mapajani, hakuiinua. Hapo nikajua ameshaambiwa. Anajua sasa kwamba si babu.

Gari likageuka kuelekea Isongole nami nikarudi huku dukani kukuandikia. Hivi nimalizavyo, watakuwa wanapandisha kile kilima cha mwisho. Mtoto hakukumbuki hata sura. Amefundishwa kukuchukia na leo ana saa mbili za barabara za kujifunza kuacha. Akifika amenuna, mvumilie. Akitaka kukaa upande wa baba yake tu, mwache. Mama yake ana neno la kukuomba na amechelewa nalo, kwa sababu yangu.

Mimi usinitafute kati yao.

Ni mimi binti yako, niliyekwambia umelala ukiwa umefungwa.